Mlezi Naye Apumzike

Mwongozo huu ni wa mama, baba, dada au kaka anayeishi na ndugu mwenye ulemavu wa akili, usonji, mtindio wa ubongo au ugonjwa wa Down, na ndugu huyo si mtoto tena. Mtoto wa miaka 6 unambeba mgongoni mkaenda sokoni, na asubuhi shule inakupokea. Wa miaka 27 mwenye kilo 70 humbebi. Kitengo maalumu cha shule ya msingi kilishamtoa zamani, misaada mingi imeandikwa kwa jina la watoto, na wewe uliyemzaa ukiwa na miaka 30 sasa unakaribia 60, mgongo umeanza kugoma na presha imepanda. Watu wenye ugonjwa wa Down, ambao zamani wengi walifariki wadogo, siku hizi katika nchi zenye matibabu mazuri hufika miaka 60. Ni habari njema, ila kwa mlezi ina maana kazi hii huenda ikadumu kuliko nguvu zake.

Unachohitaji ni mtu wa kukupokea: akae naye saa chache au siku chache, wewe upumzike, kisha urudi. Nchi tajiri zina nyumba maalumu na wahudumu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Hapa Tanzania huduma ya namna hiyo kwa watu wazima ni adimu, kwa hiyo sehemu kubwa utaijenga mwenyewe, kwa ndugu, majirani na wazazi wenzako. Inajengeka. Na faida yake haiishii kwako. Mtu aliyezoea kulishwa, kuogeshwa na kueleweka na mama yake tu yuko hatarini kuliko yeyote, kwa sababu siku mama akilazwa, hakuna anayejua hata kikombe chake ni kipi. Kila saa anayokaa na mtu mwingine akiwa salama ni maandalizi ya siku hiyo.

Kwanza jua unachokea wapi

Usianze kwa kutafuta mtu. Chukua karatasi, kwa wiki moja andika saa zinazokumaliza. Wengi hushangaa. Unaweza kudhani unahitaji Jumamosi nzima, kumbe kinachokuua ni usiku: kijana anaamka saa 8, anafungua bomba, anataka kutoka nje, na wewe hujalala usingizi wa maana tangu mwaka juzi. Mlezi wa namna hiyo hahitaji mtu wa mchana, anahitaji usiku mmoja kwa wiki alale nyumba nyingine au chumba cha mbali. Mwingine mchana anaumudu vizuri, shida yake ni asubuhi, kumnyanyua kitandani na kumuogesha. Anachohitaji ni mwanamume mwenye nguvu kwa dakika 40, basi.

Kuna dalili zinazosema umechelewa kuomba msaada. Umeanza kumfungia chumbani ili upike. Umefikiria kamba, au umeshaitumia. Unampandishia dozi ya dawa ya kumtuliza bila kumuuliza daktari. Unampiga, halafu unalia. Wanaofanya haya aghalabu si watu wabaya, ni watu walioishiwa. Hata hivyo kamba na kufuli ni hatari kwake, hasa moto ukizuka au kifafa kikimkamata, na ukifika hapo usisubiri kupanga vizuri: mwambie mtu mmoja leo, na wiki hiyo hiyo uende kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au halmashauri yako na kliniki anakotibiwa.

Kuomba ni kazi, ijifunze

Kila mwenye mgonjwa nyumbani ameshaambiwa "ukiwa na shida usisite kuniambia". Anayesema hivyo hana uongo, ila hajui aanzie wapi, na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usimuombe "msaada". Muombe kitu chenye siku, saa na mwisho.

"Shemeji, Jumamosi saa 4 hadi saa 6 nakwenda kliniki kupima presha. Naomba uje ukae na kijana wetu. Chakula nitaacha kimeiva, dawa atakuwa ameshakunywa. Saa 6 kamili nitakuwa mlangoni."

Ombi kama hilo mtu anaweza kulikubali au kulikataa bila kuona haya, na akikubali anajua ataachiwa saa ngapi. Saa 6 ikifika, kweli uwe mlangoni. Hakuna kinachowakimbiza watu kama mlezi aliyesema saa mbili akarudi magharibi. Mkopeshaji wa muda naye ana hesabu zake.

Anayekataa usimkasirikie, mpe kazi nyingine. Wapo ndugu wanaoogopa kabisa kukaa naye, lakini watakwenda dukani, watafua, watalipa bajaji ya kliniki, watakaa na watoto wadogo ili wewe umshughulikie mkubwa. Baba mdogo aliyeko mjini asiyeweza kuja anaweza kutuma kila mwezi hela ya kumlipa atakayekuja. Kikao cha familia ni mahali pazuri pa kugawa haya, mradi uende na karatasi yako ya saa ngumu, si malalamiko.

Kuhusu kumlipa mtu nina maneno mawili makali. Dada wa kazi aliyeajiriwa kupika na kufua hajaajiriwa kwa hili. Kama utamwongezea malezi, mweleze kabla, mfundishe, mwongeze mshahara. Na usimwache binti wa miaka 16 peke yake na mwanamume mzima anayehitaji kuogeshwa, hata kama ni watu wema wote wawili. Si haki kwake wala kwa kijana wako. Vivyo hivyo kwa mdogo wake wa kike ambaye, bila mtu kutamka, amegeuzwa mlezi wa pili na kuanza kukosa shule. Huyo naye anahitaji mtu wa kumpokea.

Mzoeshe kwa hatua

Mara ya kwanza mgeni aje wewe ukiwepo, anywe chai, amsalimie kwa jina lake kama mtu mzima anavyosalimiwa, aondoke. Mara ya pili mgeni amlishe wewe ukiwa jikoni. Mara ya tatu toka uende gengeni, nusu saa. Halafu saa mbili. Usiku uje mwisho, baada ya wiki nyingi, na ikiwezekana yeye alale na shuka lake na mto wake.

Muulize pia anamtaka nani. Ni mtu mzima, na mara nyingi watu wote wa nyumba huulizwa isipokuwa yeye. Asiyesema ataonyesha: anamsogelea nani, chakula anakikubali mkononi mwa nani, nani akija anaingia chumbani na kujifunika. Mwambie mapema kwamba utatoka na utarudi. Kwa mwenye usonji maneno matupu hayatoshi. Bandika ukutani picha yako, picha ya anayekuja na picha ya chakula cha jioni, umwoneshe kwa mpangilio: mimi, shangazi, ugali, mimi. Usitoroke kwa mlango wa nyuma akiwa amelala. Ukifanya hivyo mara moja, mara nyingine atakung'ang'ania toka asubuhi.

Daftari

Hiki ndicho kitu nisichokubali mlezi akose. Nunua daftari la kawaida la shule, andika mambo ambayo uko nayo kichwani na hayajawahi kutoka. Usiandike ugonjwa wake, andika siku yake. Ukurasa unaofaa unaweza kusomeka hivi:

*Asubuhi. Anaamka mwenyewe saa 1. Usimguse bega kumwamsha, anashtuka na kurusha mkono. Mwite jina ukiwa mlangoni. Mswaki anaujua, dawa ya meno mwekee wewe, akiweka mwenyewe anaila.*

*Chai. Kikombe cha plastiki cha bluu, nusu tu. Chapati ikatwe vipande vidogo, anameza bila kutafuna.*

*Kusema. Maneno ni machache. Akikuletea viatu anataka kutoka, mzungushe nyumba mara moja inatosha. Akijipiga kidevu kuna kinachouma, mara nyingi ni jino au sikio. Akiziba masikio, zima redio.*

*Choo. Anakwenda mwenyewe, mkumbushe baada ya chai na baada ya chakula cha mchana. Komeo la ndani lisifungwe.*

*Anaogopa mbwa na honi za bodaboda. Barabarani mshike mkono wa kulia.*

*Akikasirika usimshike wala usimkaripie. Watoto watoke, wewe kaa kimya, mpe beseni la maji na vikombe. Baada ya dakika 10 anatulia.*

*Anapenda kukunja nguo na kuchambua mchele. Mpe kazi. Asikalishwe mbele ya televisheni kutwa.*

Nyuma ya daftari andika majina ya dawa kama yalivyo kwenye pakiti, kiasi na saa. Namba ya kliniki. Namba za simu za watu watatu wa kupigiwa ukikosekana. Jina la mwenyekiti wa mtaa. Bodaboda au bajaji unayoiamini. Bandika nakala ya kadi ya bima kama anayo. Kila aliyekaa naye aandike mistari miwili kabla ya kuondoka: amekula nini, amekwenda choo, kuna jipya gani. Daktari atalisoma daftari hilo kwa furaha kuliko maelezo ya kukumbukakumbuka.

Mambo matatu ya kumfundisha mpokeaji kwa vitendo

La kwanza ni dawa. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wana kifafa pia, na dawa za kifafa hazirukwi: kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo. Usimwachie mgeni pakiti tatu na maelezo ya mdomo. Weka dozi ya siku kwenye kikopo kimoja, andika saa juu yake, nyingine fungia kabatini.

La pili ni kifafa chenyewe, maana mitaani kwetu kinaogopwa kuliko kinavyostahili. Hakiambukizi, si kwa mate wala kwa kumgusa. Kikimkamata, mgeni asimshikilie, asimtie kijiko mdomoni, asimnusishe kiberiti wala kitunguu, asimmwagie maji. Aangalie saa. Aondoe vitu vigumu karibu, aweke khanga iliyokunjwa chini ya kichwa, alegeze nguo shingoni, na mtikisiko ukipungua amlaze ubavu ili mate yatoke. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajazinduka, hospitali mara moja. Wengi hulala baadaye. Waachwe walale, lakini mtu akae karibu.

La tatu ni kula, hasa kwa mwenye mtindio wa ubongo. Alishwe akiwa ameketi wima, kichwa kisilale nyuma, kijiko kidogo, akimeze cha kwanza ndipo apewe cha pili, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya kula. Kumlisha mtu aliyelala chali kunaweza kupeleka uji kwenye mapafu, na nimonia ya namna hiyo ni miongoni mwa vinavyowaua. Usimweleze mgeni tu. Mwache amlishe mbele yako.

Usalama, bila kuona aibu

Watu wenye ulemavu wa akili, wanawake kwa wanaume, hudhulumiwa kingono kuliko wengine, na mara nyingi anayewadhulumu ni mtu wanayemfahamu. Kwa hiyo mchague mpokeaji kwa macho makavu. Kuogesha kufanywe na mtu wa jinsi moja naye. Mlango wa sebuleni ukae wazi. Majirani wajue leo nani yuko ndani. Pita siku moja bila kutoa taarifa. Mtu mwema hatakasirika kwa masharti haya. Anayekasirika amekupa jibu lako. Mfundishe ndugu yako majina halisi ya viungo vyake, na kwamba anaruhusiwa kukataa kuguswa hata na mjomba.

Baada ya kurudi, tazama. Michubuko, damu kwenye nguo za ndani, kuanza kukojoa kitandani, kumwogopa ghafla mtu aliyekuwa akimpenda: usioshe wala usifue kwanza, mpeleke hospitali na ukaripoti Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Familia nyingi humaliza mambo haya kwa kikao na fidia. Ni kosa kubwa, na huwa linarudiwa.

Wazazi kupokezana

Kama ningeulizwa njia moja inayofaa zaidi kwa hali zetu, ningetaja hii. Tafuta familia tatu nyingine zenye watu wazima kama wako. Utazipata kliniki, kwenye kitengo cha shule alikosoma, kwenye jumuiya au msikitini. Mwenyekiti wa mtaa pia anazijua hata zile zinazoficha. Mkiwa familia nne, kila Jumamosi nyumba moja inapokea, kuanzia saa 3 hadi saa 9. Kila familia inafanya kazi Jumamosi moja na kupata tatu za kupumzika kwa mwezi. Hakuna anayemlipa mwenziwe, na anayekupokea hana haja ya kuelezwa degedege ni nini.

Ila yapangeni. Nyumba inayopokea isiwe na walezi pungufu ya wawili siku hiyo. Msiwaweke pamoja anayepiga kelele na anayeumizwa na kelele. Kama ni lazima, wapishane Jumamosi. Kila mmoja aje na chakula chake, dawa yake na daftari lake. Wawe na shughuli: kufuma mikeka, kupanda mchicha, kuosha vyombo, ngoma. Na mkubaliane tangu mwanzo cha kufanya familia ikipokewa bila kupokea, kwa sababu itatokea, na vikundi vingi huvunjikia hapo kuliko kwenye ugumu wa kazi yenyewe. Mkishazoeana kwa miezi kadhaa mnaweza kukabidhiana usiku.

Kikundi kikiwa na katiba na kikasajiliwa halmashauri kinasikika. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii ndiye wa kumuuliza masharti. Mkopo si mapumziko, lakini mradi wa kuku wa kikundi unaweza kumlipa msaidizi wa Jumamosi.

Serikali nayo ina deni

Usiende ofisi ya kata kama mwombaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, katika ibara ya 28, unataja waziwazi huduma ya kumpumzisha mlezi kati ya mambo ambayo serikali isaidie familia maskini. Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009. Tanzania ina pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na kamati za watu wenye ulemavu ngazi ya kijiji, mtaa na kata. Uliza mwenyekiti wa kamati yenu ni nani na inakaa lini. Kama haijaundwa, kikundi chenu kina hoja ya kwanza. Hakikisha ndugu yako ameandikwa kwenye rejista ya mtaa. Watu wazima waliofichwa hawahesabiwi, na bajeti huandikwa kwa waliohesabiwa.

Kwa wasomaji wa Kenya, mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na fedha huchukuliwa na mlezi. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ndilo la kuanzia kwa kadi ya usajili. Walio ughaibuni mambo yao ni tofauti na wengi hawayajui: England, chini ya Sheria ya Matunzo ya 2014, mlezi wa mtu mzima ana haki ya kufanyiwa tathmini ya mahitaji yake mwenyewe na halmashauri. Marekani, majimbo mengi hulipia saa za kumpokea mlezi kupitia Medicaid, lakini foleni ni ndefu, kwa hivyo jiandikishe kabla hujachoka. Omba mkalimani wa Kiswahili. Usimtumie mtoto wako kutafsiri.

Msiba, kulazwa na saa zako mwenyewe

Mlezi hupimwa siku ya msiba. Simu inapigwa usiku, shangazi amefariki Tanga, na kesho watu wataanza kusema hawakukuona. Panga jambo hili wakati wa utulivu: nani atakuja kulala kwako, nani atakuwa wa akiba, begi la nguo zake na dawa za siku 3 viko wapi. Andika karatasi moja, ibandike ndani ya mlango wa kabati, nakala apewe jirani. Karatasi hiyo hiyo itatumika siku utakapolazwa wewe.

Saa zako ukizipata, usifagie. Usianike mahindi. Lala, au kaa na rafiki, au nenda kapime sukari uliyoahirisha mwaka mzima. Siku za kwanza utapiga simu kila robo saa na moyo utakusuta kama uliyemtupa. Hujamtupa. Akikataa kula kwa mgeni siku ya kwanza, atakula siku ya tatu.

Na wewe uliyesoma hadi hapa ukiwa huna mtu kama huyo nyumbani, bila shaka unaijua nyumba moja mtaani kwenu ambayo mama yake haonekani harusini wala sokoni. Usimwambie akihitaji msaada akuite. Nenda ukamwambie siku na saa.